Miaka Arobaini na Saba Juu ya Mlima Hawksett

Tarehe 30 Novemba mwaka huu, Mzee Alban Drinkall atastaafu kazi ya kuchunga kondoo wa Mlima Hawksett, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na saba. Aliianza mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa mwenye nywele nyingi kichwani, kama picha ya ukurasa wa nyuma inavyothibitisha. Nywele zimekwenda. Mlima upo, na kondoo wapo. Hilo la kondoo ndilo ambalo mwanzoni mwa mwaka huu hatukuwa na hakika nalo, na ndilo linalotukutanisha leo katika ukumbi wa kijiji cha Kelbeck tukiwa na nyuso za furaha.

Hawksett ndio mlima mrefu kuliko yote katika vilima vyetu, ingawa wenyewe haujivuni. Hauna ncha. Juu ni tambarare tupu, udongo mweusi unaomeza viatu, na upepo. Mzee Alban anapenda kusimulia juu ya mama mmoja kutoka London aliyefika huko akihema, akaketi juu ya kichuguu cha majani, kisha akamuuliza, "Samahani mzee, kilele kiko wapi?"

"Umekikalia, mama," Mzee Alban akamjibu.

Mume wa yule mama akatazama huku na huku. "Hapa? Mbona hapana kitu?"

"Ndiyo maana tunapapenda."

Alizaliwa hapa Kelbeck, mtoto wa dereva wa lori la maziwa. Kondoo wa Hawksett ni mali ya familia tano kwa pamoja, na tangu zamani familia hizo huajiri mchungaji mmoja. Aliyekuwapo kabla yake, marehemu Septimus Pye, alimfundisha kazi kwa maneno machache sana. Somo la kwanza lilikuwa hili: "Usiwafukuze. Kondoo anayefukuzwa hujifunza kukimbia tu." Somo la pili, kwa mujibu wa Mzee Alban mwenyewe, halikufika, kwa sababu Septimus aliona la kwanza linatosha.

Wageni wengi hushangaa kuona kwamba mlima hauna uzio. Upande wetu na upande wa wenzetu wa bonde la Swarth umetenganishwa na kijito tu, ambacho hata mtoto anaweza kukiruka. Lakini kondoo wetu hawavuki. Mama alijifunza kwa mama yake, naye humfundisha mwanawe katika kiangazi cha kwanza: hapa tunakula, hapa tunajikinga na upepo, pale si petu. Sisi husema kwamba kondoo "wanajua kwao." Mwanafamilia akiuza shamba lake, kondoo hubaki na mlima. Hakuna anayewahamisha, kwa sababu kondoo aliyehamishwa huwa amepoteza kila anachokijua.

Katika miaka yote hiyo Mzee Alban alichukua likizo moja inayokumbukwa. Dada yake, Bi Cecily, alimpeleka Morecambe kwa wiki nzima ili aone bahari. Walifika asubuhi, wakala samaki na chipsi, wakaketi ufukweni. Kwa bahati mbaya anga ilikuwa safi, na kutoka Morecambe anga ikiwa safi milima yetu huonekana vizuri. Mzee Alban aliipa bahari mgongo. Alipoona wingu limekaa juu ya Hawksett alisema, "Cecily, lile wingu silipendi." Walirudi kwa basi la mchana ule ule. Bi Cecily amesamehe, lakini hulitaja jambo hilo kila Krismasi.

Mwaka 2001 ulikuja ugonjwa wa miguu na midomo. Watu wa serikali walikuja na magari, na kondoo wote wa Hawksett wakauawa, wagonjwa na wazima. Mimi sikuwa nimezaliwa. Bibi yangu, Bi Agatha Ellershaw, ambaye ni mmoja wa wenye kondoo na pia mwenyekiti wa kamati yetu, hasemi sana juu ya wiki ile. Husema tu kwamba asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni akasikia mlio wa kijito kutoka mlimani, na maisha yake yote hakuwahi kukisikia akiwa pale.

Baada ya mwaka mmoja walinunuliwa kondoo wapya kutoka kaskazini. Walikuwa wazuri, wenye afya, na hawakujua lolote. Jioni ya kwanza walitawanyika kama watu waliotoka sinema. Baadhi yao walikutwa Swarth, kwenye uwanja wa kanisa, wakimalizia maua ya harusi. Wenzetu wa Swarth walikasirika kwa haki, na kamati ikaona hapana njia ila kujenga uzio. Mzee Alban alisimama mkutanoni, jambo asilopenda kulifanya, akasema, "Mkijenga uzio mtakuwa na kondoo ndani ya uzio. Hamtakuwa na kondoo wa Hawksett. Nipeni muda."

Wakampa. Akaanza kusimama kwenye kijito kila asubuhi na kila jioni, mvua au jua, pamoja na mbwa wake mzee Nell. Kondoo alipokaribia maji, Mzee Alban alijitokeza taratibu upande wa pili, akasimama tu mpaka kondoo abadili nia. Hakupiga kelele. Kazi ilikuwa hiyo, miaka mitatu. Bi Cecily alimpandishia chakula kwenye kopo, pai ya viazi na siagi, na alikuwa akianza kumwita akiwa bado mbali.

"Alban! Watu wa Swarth wanasema umegeuka jiwe la mpaka!"

"Waambie jiwe halili pai. Lete."

"Na wanawake wa Kelbeck wanasema huoi kwa sababu umeoa kijito!"

"Kijito hakinipigii kelele, dada yangu. Lete pai."

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu, Mzee Alban alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa mawe akifunga kamba ya kiatu. Kondoo jike mmoja mwenye sikio lililochanika alishuka hadi kijitoni na mwanawe. Hakuona mtu. Akatia mguu mmoja majini. Akatazama ng'ambo, ambako majani, ni lazima tukiri, ni mazuri zaidi. Kisha akautoa mguu, akageuka, akapanda tena mlimani, na mwanawe akamfuata.

Mzee Alban hakumwambia mtu kwa wiki nzima, maana aliogopa kuwa ameota. Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa, alimshika bibi mkono akasema, "Bi Agatha, wanajua kwao." Kisha akatoa leso na kujifanya ana mafua.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu bila hayo haiwezekani kuelewa mwaka huu ulivyokuwa mzito.

Mwezi Januari, Mzee Alban aliiambia kamati kwamba magoti yake yamefika mwisho. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Lakini nani angemrithi? Mpwa wake Crispin, anayefanya kazi ya kompyuta mjini Preston, alijibu kwa simu, "Mjomba, nakupenda sana, lakini mlima wenu hauna mtandao." Vijana wengine wa Kelbeck wanafanya kazi mijini na hurudi kulala. Bwana Lambert Cowking, mwenye kondoo wengi kuliko wote, alisema kile ambacho wengine walikuwa wakikifikiri: kama hapatikani mchungaji, kondoo wapelekwe mnadani kabla ya baridi. Mnunuzi alikuwepo tayari. Kondoo wangegawanywa, wengine mashariki, wengine kusini, na ile elimu ya kijito ingeishia njiani. Haiwezi kununuliwa tena. Mzee Alban aliijenga mara moja akiwa na miaka arobaini na kitu. Hawezi kuijenga mara ya pili.

Ndipo alipolitaja jina la Rukhsana Mahmood.

Wengi wetu tunamjua Rukhsana tangu akiwa mtoto. Baba yake, Bwana Mahmood, ana duka la nyama katika mji wa Nelson, na kila vuli huja kununua wanakondoo wetu. Rukhsana alikuwa akija naye. Wakati wengine walipokuwa wakibishana bei, yeye aliingia zizini akapitisha mkono kwenye migongo ya kondoo mmoja mmoja. Kwa miaka mitatu ya karibuni, wakati wa kondoo kuzaa, amekuwa akija kumsaidia Mzee Alban, ambaye yeye humwita Mjomba, kama wanavyowaita wakubwa kwao. Mara ya kwanza Bwana Lambert alipomsikia alimuuliza, "Mjomba wa nani huyu?" Rukhsana akamjibu, "Wangu. Wewe ukitaka wako tafuta."

Mkutano ulikuwa mkali. Bibi ndiye aliyepinga, na aliposoma ukurasa huu aliniambia nisiyafute maneno yake, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa. Alisema, "Ni binti mzuri, na ana mikono mizuri. Lakini hakuzaliwa hapa. Mlima huu mtu huunyonya pamoja na maziwa ya mama."

Mzee Alban akajibu bila kuinua sauti, "Hata kondoo hawakuzaliwa hapa, Bi Agatha. Wewe mwenyewe uliwaona wakishuka kwenye lori."

Bwana Lambert akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

"Kondoo walichukua miaka mitatu," bibi akasema.

"Naye ana mitatu. Na hajala maua ya mtu."

Hivyo wakakubaliana. Rukhsana apewe msimu mmoja wa majaribio, na mwishoni, mwezi Oktoba, awakusanye kondoo wote kutoka mlimani peke yake. Mzee Alban akatazwe kabisa kupanda siku hiyo. Akiweza, kazi ni yake. Asipoweza, lori la mnada lije Jumatatu. Bwana Lambert aliliagiza kabisa, ili isije ikaonekana ni maneno matupu.

Siku ya Jumamosi ile kulikuwa kweupe kulipopambazuka. Rukhsana alipanda na Tess, mbwa kijana ambaye Mzee Alban amemfunza. Sisi tulikusanyika zizini, kama ilivyo desturi, na chai, keki ya tangawizi na rangi nyekundu ya kuwatia kondoo alama. Mzee Alban aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amewahi kuwa upande ule wa siku ya kukusanya, na alionekana kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Saa nne hivi ukungu ukashuka. Ukungu wa Hawksett hauji kwa hodi. Tuliona ukuta wa juu, kisha hatukuuona, kisha hatukuona hata mti wa langoni. Watu wakaanza kunong'ona. Mwisho Bwana Lambert akachukua fimbo.

"Twende, Alban. Binti atapotea."

"Mimi nimekatazwa na kamati."

"Kamati ni sisi!"

"Basi jikatazeni na ninyi."

Lakini chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa, na bibi, aliyekuwa karibu, aliimwaga akamtilia nyingine.

Tulingoja sana. Hatimaye ukasikika mlio wa viatu kwenye mawe ya njia, na Rukhsana akatokea katika ukungu, amelowa mpaka kiunoni, Tess nyuma yake. Nyuma ya Tess hapakuwa na kitu.

"Kondoo wako wapi, binti?" Bwana Lambert akauliza. "Wamepanda basi la Clitheroe?"

Mwanawe akaongeza, "Ulikwenda kuchunga au kutembea?"

Wengine wakacheka, si kwa furaha. Mzee Alban aliitazama ardhi.

"Nimewaacha," Rukhsana alisema.

"Umewaacha!"

"Sioni mkono wangu mwenyewe, Bwana Lambert, nitamwonaje kondoo? Nikiwasukuma ndani ya ukungu ule watashtuka, watavuka kijito, na wakishavuka mara moja, mwaka kesho watadhani Swarth ni kwao. Sasa hivi wametulia. Wako pao. Nitawaleta kesho."

"Na kesho wasipokuwepo?"

"Wasipokuwepo, mlango wa lori nitaufungua mimi mwenyewe." Kisha akauliza kama chai imebaki.

Alipewa chai na kipande kikubwa cha keki. Watu walirudi makwao. Nyumbani kwetu jioni ile bibi alimwambia mama jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Vuli ya kwanza ya Mzee Alban, mwaka ule wa 1978, ukungu ulishuka hivyo hivyo, naye aliona aibu kurudi mikono mitupu mbele ya wakubwa. Akawasukuma. Iliwachukua majirani wa mabonde mawili mpaka Desemba kuwatenganisha kondoo wao na wetu. "Hakuna mchungaji wa Hawksett ambaye hakuwasukuma mara ya kwanza," bibi alisema. "Hata Septimus. Hata marehemu babu yako, aliyechunga kabla yake." Kisha akaongeza, "Huyu binti amekubali kuchekwa."

Jumapili kulikucha bila wingu hata moja. Baada ya misa hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu wote wa kanisa, wakiwa na nguo zao nzuri na viatu visivyofaa, walipanda njia hadi kwenye lango la mlima. Bwana Mahmood na mkewe nao walikuwa wamefika kutoka Nelson, wakasimama kando kidogo, yeye akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mzee Alban alivaa tai. Alikuwa hajalala, kila mtu aliona.

Kwanza tulimsikia Tess, mlio mmoja tu. Kisha kwenye bega la mlima wakatokea kondoo majike wazee, mmoja nyuma ya mwingine, wakishuka kwa njia yao ile ile nyembamba bila haraka, kama akina mama wanaotoka sokoni. Nyuma yao wakaja wengine, na wengine, mpaka mteremko wote ukawa unatembea. Hawakuwa wameondoka upande wetu wa kijito. Wa mwisho alikuwa Rukhsana, akitembea polepole na fimbo begani, wala hakuwafukuza.

Bibi hakusubiri wafike. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Lambert, wapigie watu wa lori. Waambie wasije."

"Leo Jumapili, Bi Agatha."

"Basi waamshe."

Kwetu, kondoo wakishapita lango la mlima, anayelifunga ni mchungaji mwenyewe, hata kama amezungukwa na watu mia. Kondoo walipita. Mzee Alban alikuwa amesimama pale pale anaposimama kila mwaka, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye komeo. Ukafika. Kisha akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauondoa, akautia mfukoni, na akasogea hatua moja pembeni. Rukhsana akapita. Akageuka, akalivuta lango, akalifunga.

"Vizuri, Mjomba?" akauliza.

"Lisukume kidogo," Mzee Alban akasema. "Huwa linadanganya."

Akalisukuma. Likakaa.

Mzee Alban, kamati ya Kelbeck, familia tano za Hawksett, na wenzetu wa Swarth waliokuja leo ingawa maua yao yaliliwa, wote wanakushukuru. Tunamshukuru pia Bi Cecily kwa pai za miaka mitatu na za miaka yote baada yake, na mama yake Rukhsana kwa sambusa zilizo mezani, ambazo Bwana Lambert anaombwa asizianze kabla ya hotuba. Rukhsana mwenyewe ametuma ombi moja tu: kwamba ukungu ukishuka, usimpigie simu kabla ya saa sita mchana.

Kuanzia Desemba mosi huna pa kuwahi. Lala mpaka jua liingie dirishani. Kunywa chai ikiwa moto. Yaache magoti yapumzike, na Morecambe ujaribu tena, safari hii ukiangalia bahari. Mzee wetu, siku zako za mapumziko ziwe ndefu, nyepesi na zenye afya, na tukuone miongoni mwetu kwa miaka mingi.

Imeandikwa kwa niaba ya kamati na Imogen Ellershaw, mwanafunzi wa kidato cha tatu.